Mashua za Birmingham: kwa nini msafiri ahitaji wenzake

Mfereji wa Birmingham na Fazeley, uliokamilika mwaka 1789, unapita kaskazini mwa mtaa wa Castle Vale, Birmingham. Zamani ulibeba mizigo ya viwanda; siku hizi marafiki hukodi mashua nyembamba na kusafiri humo wakati wa likizo, kwa mwendo wa polepole.

Jirani na mtaa huo, huko Minworth, mfereji unashuka kwa ngazi tatu. Kila ngazi ni chumba chenye malango: mashua huingia, malango hufungwa, maji hupunguzwa, nayo ikashuka.

Hatari iko nyuma. Tezi ikikwama juu ya kizingiti cha lango huku maji yakipungua, omo huinama na mashua huweza kuzama. Ndiyo maana mmoja hushika usukani, na wenzake husimama ukingoni, tayari kuyazuia maji mara moja.