Kabla hujapenda rangi ya gari, uliza giaboksi yake

Umeweka akiba, chama kimekuongezea kidogo, na Sacco imekubali kukupa mkopo. Sasa kila jioni uko kwenye simu ukikodolea macho picha za Fielder, Note na Demio. Unauliza rangi, unauliza rimu, na bila shaka unauliza, "Inakunywa mafuta aje?" Kitu ambacho wengi wetu hatuulizi ni giaboksi. Na hapo ndipo pesa za vijana wengi huishia.

Ukweli ni huu: injini ndogo ya Japani ukiipa oili na maji kwa wakati, haina maneno mengi. Giaboksi ikifa ndiyo huja na bili ya kukufanya uuze gari kwa hasara huku mkopo bado unaulipa. Kwa hivyo kabla ya kutuma shilingi yoyote kwa dila, jua unanunua giaboksi ya aina gani.

Ziko aina nne kubwa

Ya kwanza ni manyuali, ile ya kukanyaga klachi na kubadilisha gia mwenyewe. Fundi yeyote wa jua kali anaijua. Klachi huisha, lakini unabadilisha klachi, si giaboksi nzima. Ubaya wake ni jam: saa kumi na moja jioni pale Jogoo Road, mguu wako wa kushoto unafanya ovataimu. Na angalia leseni yako. Kama ni B1, hiyo ni ya otomatiki tu, usidanganyike na Probox ya manyuali.

Ya pili ni otomatiki ya kawaida, yenye gia za kuhesabika. Probox za zamani zilikuwa na gia nne, Demio za kuanzia 2014 zina sita. Hapa oili ndiyo inayopokea nguvu kutoka kwa injini na kuipeleka mbele, kwa hivyo gari linaondoka polepole bila kuumiza vyuma. Ni imara na inavumilia mtu asiye na haraka ya kwenda gereji, ingawa nayo ina mwisho wa uvumilivu.

Ya tatu ni CVT, na uwezekano ni mkubwa kwamba ndiyo iko kwenye gari unalolitamani. Haina gia za kuhesabika. Kuna puli mbili zinazopanuka na kubana, na katikati kuna mshipi wa chuma. Wazo si geni: kampuni ya DAF ya Uholanzi ilizindua gari la namna hiyo mwaka 1958, wakati huo mishipi ikiwa ya mpira. Leo utaikuta kwenye Axio na Fielder nyingi, Note za petroli, Fit za petroli na hata Probox za kuanzia 2014. Inaokoa mafuta, ndiyo maana Wajapani wanaipenda. Lakini mshipi ule unashika puli kwa msaada wa oili maalum. Oili ikizeeka au ikiwa si yake, mshipi unateleza na chuma kinaanza kula chuma.

Ya nne ni ya klachi mbili, kama DSG ya Volkswagen na ile ya Honda Fit haibridi iliyotoka 2013. Inabadilisha gia haraka sana, lakini jam ya kusonga hatua moja na kusimama inaichosha. Honda yenyewe iliyaita magari hayo yarudishwe kurekebishwa mara kadhaa kati ya 2013 na 2014. Ukipata moja, uliza kama marekebisho hayo yalifanywa.

Sasa usitishwe na kila kitu kinachoitwa CVT. Aqua na Prius zinaandikwa hivyo kwenye karatasi, lakini ndani ni gia na mota za umeme, hakuna mshipi. Note e-Power nayo magurudumu yake huzungushwa na mota moja kwa moja.

Uchague ipi? Kama unabeba mzigo wa shamba kwenye tope la ushago, chukua manyuali. Kama ni gari la kwanza na hupendi kusumbuana na mafundi, otomatiki ya kawaida itakulea. Kama ni teksi ya apu na kila tone la petroli ni pesa, CVT au haibridi ina maana, mradi ukubali kwamba oili yake ni sehemu ya bajeti kama petroli ilivyo.

Ijaribu ikiwa baridi

Sheria yetu inaruhusu magari yasiyozidi miaka minane. Kwa hivyo "mpya" wako ana historia ndefu, na kuna uwezekano hakuna aliyewahi kumbadilishia oili ya giaboksi. Omba karatasi ya mnada wa Japani ulinganishe kilomita na zile za dashibodi, maana kuna mita zinazorudishwa nyuma.

Fika kabla dila hajaliwasha. Washa, kanyaga breki, weka D. Gari likikaa sekunde kadhaa ndipo lishtuke, hiyo ni alama mbaya. Weka R, sikiliza kishindo. Kisha liendeshe polepole, kilomita 20 hadi 40 kwa saa: likitetemeka kama linapita kwenye matuta yasiyokuwepo, shukuru Mungu na uende yadi nyingine. Tafuta mlima. Injini ikipiga kelele na mwendo hauongezeki, giaboksi inateleza. Mwisho lete fundi wako, si wa dila, alipime kwa kompyuta.

Oili si oili tu

Kuna jamaa mtaani kwetu, dereva wa teksi ya apu, aliyewekewa oili nyekundu ya otomatiki ya kawaida kwenye CVT. Fundi alimwambia zote ni sawa, tofauti ni bei. Gari lilianza kuvuma, likatetemeka, na kabla mwaka kuisha alikuwa Grogan akitafuta giaboksi ya mtumba. Siku zote alizokaa bila gari, mkopo haukusimama.

Jina la oili liko kwenye kitabu cha gari. Nissan Note inataka NS-3, CVT za Toyota kama ya Fielder zinataka CVT FE, Honda Fit inataka HCF-2. Nunua mwenyewe, peleka chupa zikiwa zimefungwa, na usimame hapo fundi akimimina. Ukiambiwa oili ya giaboksi haibadilishwi maisha yote, uliza maisha ya nani. Kwa jam, vumbi na joto letu, mafundi wengi makini hubadilisha kila kilomita 40,000 hadi 60,000. CVT nyingi hazina kijiti cha kupimia, oili hupimwa ikiwa kwenye joto maalum, kwa hivyo fundi wa kukadiria kwa macho hafai.

Mazoea yanayoua

Usiweke R gari likiwa bado linasonga mbele. Ukiegesha kwenye mlima, vuta handibreki kwanza ndipo uweke P, uzito usikalie giaboksi. Usiteremke Mai Mahiu au Sachang'wan ukiwa kwenye N ati unaokoa mafuta. Hapo injini haikusaidii kupunguza mwendo na breki zikichemka umeisha. Tumia gia ndogo. Kama ni manyuali, mguu usilale juu ya klachi, na mlimani shikilia gari kwa breki.

Otomatiki ikizima usiite vijana wa kusukuma, haitawaka hivyo. Na isivutwe kwa kamba magurudumu yanayoendeshwa yakiwa chini, kwa sababu injini ikiwa imezimwa oili haizunguki. Ita brekdauni ya kulibeba lote mgongoni.

Kila ukibadilisha oili, andika tarehe na kilomita, weka risiti kwenye kisanduku cha dashibodi. Siku utakapouza, kijana mwingine mwenye mkopo wa Sacco atakuuliza kuhusu giaboksi, nawe utakuwa na cha kumwonyesha.