Jinzi zenye kuchujuka: kati ya dawa na leza, nani anaumia?

Kwenye masoko ya Goma, Bukavu ao Bunia, patalo za jinzi mpya zinauzwa zikiwa zimeisha kuchujuka: weupe kwenye mapaja, mikunjo nyuma ya magoti. Uzee ule ulitengenezwa kiwandani, na ginsi ulivyotengenezwa inagusa afya ya watu.

Juu ya nini jinzi inachujuka? Rangi ya buluu, indigo, inashika inje ya uzi tu. Ndani, uzi unabaki mweupe. Ukiondoa buluu ya juu, weupe unatokea.

Zamani viwanda vingi vilipuliza mchanga kwa kompresa. Vumbi lake liliingia katika mapafu na kuleta silikosi, ugonjwa usioponyeka. Huko Uturuki, vijana waliofanya kazi hiyo walikufa, na mwaka 2009 serikali ikaikataza. Mwaka 2010, Levi Strauss na H&M zikatangaza kwamba zinaiacha.

Njia ya pili ni dawa, hasa pamanganati ya potasiamu. Mfanyakazi anaipuliza fasi inayotakiwa kuwa nyeupe. Inakula indigo, kisha jinzi inaoshwa kwa dawa ingine ya kuondoa mabaki. Pamanganati inaunguza macho na ngozi, na ukungu wake unaumiza njia ya pumzi. Bila maski, glavu na hewa ya kutosha, mfanyakazi anaumia. Maji yake yakimwagwa mtoni bila kusafishwa, shida inafuata wenye kuishi chini ya mto.

Njia ya tatu ni leza. Kompyuta inaongoza mwanga mkali unaounguza indigo ya juu, bila mchanga wala kupuliza dawa. Mwaka 2018, Levi Strauss ilisema patalo moja inachukua karibu sekunde 90. Kwa mkono, zilitoka mbili ao tatu kwa saa.

Hata hivyo leza haimalizi yote. Moshi wake unapaswa kuvutwa inje, nguvu ikizidi uzi unalegea, na jinzi bado inaoshwa. Mashini ni ya bei kali, inaomba umeme usiokatika, na inapunguza kazi za mikono.

Mnunuzi hawezi kujua njia gani ilitumiwa: kikaratasi cha ndani kinataja pamba na inchi ilikoshonewa, basi. Lakini jinzi ya buluu nzito, isiyochujuliwa, haikuomba mchanga, pamanganati wala leza. Itachujuka yenyewe, polepole, mwilini mwa mwenye kuivaa.