Sindano ya siku 28 na hesabu ya bamvua

Katika delta ya Rufiji, wilayani Kibiti, safari hupangwa na maji. Yakijaa, mashua hupenya katikati ya mikoko hadi Nyamisati. Yakitoka, chombo hukaa topeni. Mwanamke wa huku anayetibiwa saratani ya matiti anaweza kuongezewa hesabu nyingine: siku 28, karibu mwendo wa mabamvua mawili, yaani vipindi viwili vya maji kujaa sana. Ndiyo nafasi kati ya sindano moja ya goserelini na inayofuata.

Goserelini ni peptidi, yaani mnyororo mfupi wa asidi amino, za jamii ya zile zinazojenga protini ya samaki na maharage. Hapa zimetungwa 10 tu, kama shanga kwenye uzi. Imeigwa kutoka homoni ya ubongo iliyofumbuliwa na Andrew Schally na Roger Guillemin, waliotunukiwa Nobel mwaka 1977.

Homoni hiyo hubisha hodi kwenye tezi ya pituitari kwa vipindi, nayo tezi huziamuru ovari zitoe estrojeni. Goserelini hubisha bila kupumzika. Mwanzoni tezi huitika kwa nguvu. Baada ya wiki chache huchoka, haiitiki tena. Ovari hulala, na uvimbe unaolishwa na estrojeni hukosa chakula.

Tiba hii huwafaa wanawake ambao bado wanapata hedhi na ambao kipande cha uvimbe wao, kikipimwa maabara, kimeonyesha vipokezi vya homoni. Mara nyingi huambatana na vidonge kama tamoksifeni. Athari zake ni kwamba hedhi hukoma, joto hupanda mwilini ghafla, na mifupa huweza kudhoofu.

Goserelini yenyewe haimezwi, maana tumbo lingeisaga kama chakula. Huwekwa kwa sindano kama punje chini ya ngozi ya tumbo, iyeyuke taratibu. Punje inayofuata ikichelewa sana, ovari huweza kuamka.

Kutoka Nyamisati hadi Bungu, kisha barabara ya Kilwa hadi Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, ni safari nzito kurudiwa kila siku 28 kwa miaka. Vipimo na uamuzi wa tiba ni kazi ya mabingwa, lakini punje yenyewe huweza kuwekwa na muuguzi aliyefundishwa. Isogezwe Kibiti.

Nawe uliyegusa uvimbe titini, usingoje hadi uanze kuuma. Mara nyingi saratani hii huanza bila maumivu. Safiri na bamvua hili, usisubiri lijalo.