Mji Gani wa Milimani Wafaa kwa Mapumziko ya Mume na Mke?



Mume na mke waliokaa pamoja miaka kumi na miwili hawakosi maneno ya kusemezana. Husemezana juu ya ada ya shule, juu ya mahindi ghalani, juu ya mbuzi aliyekata kamba. Lakini yaweza kupita miaka mizima wasisemezane juu yao wenyewe. Hivyo ndivyo ilivyokuwa nyumbani kwangu.

Jioni moja mwenzangu aliniambia, "Baba watoto, mimi nawe twaishi kama makarani wawili wa ofisi moja." Hakusema kwa hasira. Afadhali angalisema kwa hasira, maana hasira ningaliweza kuijibu.

Basi tukapatana kwenda kupumzika siku tatu, sisi wawili tu, mahali penye milima na baridi. Sisi twakaa mkoa wa Pwani, upande wa Chalinze, ambako jua la Februari humchosha mtu kabla hajashika jembe. Majirani waliposikia walicheka. Mmoja akasema mapumziko ni mambo ya watu wenye motokaa. Mama mkwe wangu hakucheka. Alisema, "Nileteeni watoto, nendeni." Neno lake ndilo lililotufungulia njia.

Fedha tuliiweka kidogo kidogo muda wa miezi minane. Mwenzangu aliuza mayai, nami niliacha soda na vitafunio vya kazini. Tulipofungua kopo tulikuta shilingi 350,000. Si haba, lakini si fedha ya kumruhusu mtu akosee. Ndiyo sababu tulifikiri sana kabla ya kuchagua mji, na fikira zetu nawaandikia hapa, huenda zikamfaa mwingine.

Miji minne

Mimi, kama ilivyo desturi yangu, nilichukua karatasi nikapiga mistari. Juu niliandika majina manne: Morogoro, Marangu, Tukuyu na Lushoto.

Morogoro ni jirani yetu. Mji umekaa chini ya milima ya Uluguru, na tangu mwaka 2024 treni ya umeme yafika huko kutoka Dar es Salaam, kisha yaendelea hadi Dodoma. Kwa wakaao njia hiyo ni safari nyepesi. Lakini mji wenyewe upo chini, na joto lipo. Baridi ipo juu, kama kule Morningside penye nyumba ya kale ya wakati wa Wadachi, nako hupandwa kwa miguu. Tena kwetu Morogoro ndiko tuendako dukani na kwa daktari. Mwenzangu akasema, "Huko nitakutana na watu watakaoniuliza habari za nanasi zetu."

Marangu nilikutaka mimi. Kilimanjaro una urefu wa mita 5,895, na hakuna mlima mwingine barani Afrika unaoupita. Nilijiona nimekwisha rudi kijijini, naulizwa, nami najibu. Mwenzangu akauliza, "Tutaupanda?" Nikasema la, maana kupanda hadi kileleni na kurudi huchukua siku tano au zaidi, na malipo ya hifadhi na ya viongozi wa njia yangemaliza kopo letu mara nyingi. "Basi wataka twende, au wataka tusemwe kuwa tumekwenda?" Sikuwa na jibu.

Hata hivyo sitaki kumzuia mtu. Marangu yapendeza hata kwa asiyepanda mlima. Yapo maporomoko ya maji, kahawa iliyopandwa chini ya migomba, na mifereji ambayo Wachagga wameichimba tangu zamani kuyaleta maji mashambani. Ila yafaa ujue kwamba Kibo hupenda kujificha mawinguni. Mara nyingi huonekana asubuhi mapema. Tena usiende mwisho wa Desemba, kwa kuwa siku hizo Wachagga hurudi kwao kwa sikukuu na mabasi hujaa kabisa.

Tukuyu, chini ya mlima Rungwe, ni nchi ya chai, ndizi na mvua nyingi. Kwa ndugu zetu wa Mbeya ni karibu, kama kilomita 70 tu. Kwetu ni siku nzima kwenda na siku nzima kurudi. Ukizitoa katika siku tatu, yabaki moja, na hiyo moja utailalia kwa uchovu.

Kwa nini Lushoto

Ikabaki Lushoto, mji mdogo katika milima ya Usambara, wenye kimo cha mita 1,400 hivi. Wadachi waliuita Wilhelmstal, wakapenda kukimbilia huko joto la pwani. Kutoka Chalinze waweza kuondoka alfajiri, ukapita Segera na Korogwe, ukashuka Mombo saa za mchana. Toka Mombo barabara yapanda kilomita zipatazo 33, kona juu ya kona, ukipita Soni penye maporomoko ya maji kando ya njia.

Mwenzangu aliuliza swali moja tu: "Huko kuna mahali pa kutembea kwa miguu, polepole, bila kulipia motokaa?" Nilimwuliza mwalimu mmoja aliyepata kufundisha huko, akanijibu kwamba njia zipo kila upande, na ya kwenda Irente ni mwendo wa saa moja na nusu hivi. Basi shauri likakatwa.

Tulikwenda mwezi wa Septemba. Msimu ni jambo la kuangalia sana. Mvua za masika, toka Machi hadi Mei, huweza kuporomosha udongo na mawe juu ya ile barabara ya Mombo, na msafiri akakwama. Juni na Julai njia ni kavu, lakini baridi ni kali kwa mtu wa pwani. Hata Septemba tulivaa sweta jioni, na mwenzangu alishukuru kuwa alichukua kitenge cha ziada.

Chumba tulikiuliza kwa simu kabla ya kuondoka: bei yake, chai ya asubuhi imo au haimo, maji ya moto yapo au hayapo. Zipo hoteli, zipo nyumba za wageni za kawaida, na zipo pia nyumba zinazotunzwa na masista. Tulichukua chumba cha kadiri yetu, safi, chenye mablanketi mawili mazito.

Juu ya jiwe la Irente

Siku ya pili tulitembea kwenda Irente. Njia yapita katika mashamba ya mahindi na mboga, na watoto hukusalimu. Mwanzoni tulizungumza habari za nyumbani, kwamba mdogo hakuchukua viatu vyake. Baadaye habari hizo zikaisha, tukatembea kimya.

Mwisho wa njia mlima hukatika ghafula kama ukuta. Chini, mbali sana, waona nchi tambarare, mashamba ya mkonge, na barabara kuu yenye magari madogo kama siafu. Tulikaa juu ya jiwe. Mwenzangu alitazama huko chini muda mrefu, kisha akasema, "Leo angalikuwa na miaka saba."

Sikuhitaji kuuliza nani. Mtoto wetu wa tatu aliishi siku kumi na moja. Tulimzika, na siku ya tatu mimi nilirudi kazini, kwa kuwa hesabu za mwezi zilikuwa zangoja. Tangu siku ile sikumtaja tena.

"Nilikuwa nangoja uniulize," akasema.

Nikamwambia kweli, kwamba niliogopa kumwongezea uchungu.

"Hukuniongezea. Uliniachia wote."

Nililia, ndugu wasomaji, wala sioni haya kuandika. Tulikaa pale hadi jua lilipoanza kushuka, tukisema mambo ya miaka saba. Mengine yalikuwa ya huzuni, mengine ya kuchekesha. Kurudi tulitembea tumeshikana mikono, na kwa kuwa hakuna aliyetujua, hakuna aliyeshangaa.

Shauri letu

Kama nanyi mwataka kujaribu, yapimeni haya. Kwanza, safari isile zaidi ya nusu siku ya kwenda na nusu siku ya kurudi. Pili, angalieni majira ya mvua na hali ya barabara. Tatu, chagueni mji mdogo wenye njia za kutembea, kwa maana watu wawili wanaotembea pamoja bila haraka hufunguka vinywa, hata kama nyumbani walikuwa mabubu. Nne, msichague mji kwa ajili ya sifa zake mkirudi. Tano, mwulizeni mke kwanza. Kama ningalifuata karatasi yangu, tungalikwenda kuutazama mlima mkubwa kupitia dirishani, tukarudi na picha.

Asiye na fedha ya safari asivunjike moyo. Mlima wa jirani na siku moja tu huweza kutosha, mradi watoto wapate wa kuwaangalia na kazi ibaki nyumbani.

Siku ya tatu, tulipokuwa twangoja gari la kushuka Mombo, mwenzangu alinunua sokoni kabichi tatu kubwa na karoti, maana Lushoto ni nchi ya mboga na bei ni nafuu. Kijijini walicheka tena: wamekwenda hadi milimani kufuata kabichi! Mama mkwe alizipokea, akatutazama mmoja baada ya mwingine, akasema, "Mwakani waleteni tena watoto." Kopo tumekwisha liweka juu ya kabati.