Je, Yafaa Kwenda Omani kwa Kutembea Tu?



Mpunga ulipokwisha kuvunwa, kijana mmoja aliyesoma chuoni kwetu hapa Mwamkulu alitujia baada ya sala ya alasiri. Alikuwa ameweka akiba ya misimu mitatu. Akasema, "Maalimu, nataka kwenda Omani kutembea, niione nchi ile kwa macho yangu, kisha nirudi. Mama hataki, asema ni kuitupa fedha. Nawe wasemaje?" Tulimwomba siku saba. Kwa kuwa swali hili laulizwa katika nyumba nyingi, twaandika hapa tuliyomjibu.

Kwanza, kutembea si haramu. Katika Sura ya Al-Ankabut, Mwenyezi Mungu awataka watu watembee katika ardhi na watazame jinsi alivyoanzisha uumbaji. Sheikh Ibn Battuta alitoka kwao Tangier mwaka 1325, na mwaka 1331 akafika Mombasa na Kilwa. Kisha akavuka bahari mpaka Dhofari, akauona na mji wa Nizwa. Lakini tazameni mpango wake: alitoka kwao kwa nia ya Hija. Faradhi ilitangulia, utembezi ukafuata.

Pili, je, huko kuna la kuonwa? Naam, lipo. Nizwa ina ngome aliyoijenga Imamu Sultan bin Seif, yule aliyewatoa Wareno Maskati mwaka 1650. Maskati kuna msikiti mkuu wa Sultani Qaboos, uliofunguliwa mwaka 2001. Wala mgeni wa kwetu hatakuwa bubu, kwa maana ziko nyumba nyingi zisemazo Kiswahili, khasa za watu waliotoka Unguja baada ya mwaka 1964.

Bali kwa mkulima, sisi twaona la maana zaidi ni mifereji yao iitwayo aflaji. Maji hutolewa chini ya milima na kuteremka yenyewe mpaka mashambani, pasipo mashine, na kila mwenye shamba hupata zamu yake kwa kipimo cha saa. Zamani walipima mchana kwa kivuli cha jua, na usiku kwa nyota. Mwaka 2006 mitano kati ya mifereji hiyo iliandikwa katika urithi wa dunia. Sisi wa Mwamkulu, tunaojua majirani wanavyokosana kwa ajili ya maji ya mpunga, tuna la kujifunza hapo.

Tatu, yataka mtu aende akiijua historia. Njia ya misafara kutoka Bagamoyo hadi Tabora na Ujiji iliileta dini yetu huku bara. Na njia hiyo hiyo ilipitisha pembe za ndovu na watu waliofungwa minyororo. Soko la watumwa la Unguja halikufungwa ila mwaka 1873, wakati wa Sayyid Barghash. Basi kijana asiende kama mtoto aendaye kwa babaye, wala asiende kama adui. Aende kama jirani azijuaye habari zote mbili.

Nne, ni wakati na gharama. Miezi ambayo mkulima wa kwetu hana kazi, yaani Julai na Agosti, ndiyo miezi ambayo Maskati huwaka moto. Ni Dhofari peke yake ipatayo manyunyu na majani mabichi. Majira yao mazuri, Novemba hadi Februari, ndiyo mvua na kupanda kwetu. Labda Oktoba, joto likianza kupungua. Tena kijana ajue kwamba viza ya matembezi si ruhusa ya kufanya kazi. Akitokea mtu wa kumwambia, "Nenda kwa viza hiyo, kazi utaipata huko," huyo na amkimbie.

Baada ya siku saba tulimwita yeye na mamaye. Tukamwuliza, "Mwanangu, unadaiwa?" Akainamisha kichwa. Lilikuwapo deni la mbolea, na paa la nyumba ya mama linavuja. Tukamwambia, "Fedha hii haitoshi kwa Hija, kwa hiyo hatusemi kwamba umeiacha faradhi. Lakini deni ni haki ya mtu, na mama ni haki yako. Hapo Omani yangoja."

Ndipo mama akasema lililokuwa moyoni. Hakuogopea fedha, alimwogopea mwana. Kaka yake aliaga kwenda mbali kwa mwezi mmoja, na huu ni mwaka wa tisa. Kijana alinyamaza kitambo, kisha akaahidi kulipa deni na kuezeka paa kwanza. Mama naye akasema, "Yakiisha hayo, nitakupa radhi yangu. Ila urudi kabla ya mvua ya kwanza."

Sisi wenyewe tumepita miaka hamsini, wala hatujaiona Maskati wala Makka. Hatumwonei kijana wivu kwa kutamani. Twasema tu kwamba nchi ya watu yafaa kuonwa na mtu ambaye nyumbani kwake hakuacha anayelia wala anayedai. Aende na swali la kuuliza, arudi na jambo la kutufundisha. Nasi tutamkalisha barazani atusimulie habari za zamu ya maji.

Wabillahi tawfiq.