Panga Chumba Kabla ya Kununua

Ndugu wafanyakazi, mshahara tunaupata kwa jasho, lakini sehemu yake hupotea kwa vitu vya nyumbani visivyodumu. Wahenga walisema, kipya kinyemi. Tuseme kiti cha shilingi 30,000 hudumu miaka 2, na cha shilingi 60,000 hudumu miaka 10. Anayechagua cha kwanza atanunua viti vitano katika miaka hiyo 10, naye atakuwa ametoa shilingi 150,000. Kwa hiyo yafaa kupanga kwanza, halafu kununua kidogo kidogo.

KWANZA, nyumba ni ya nani? Wengi wetu tunakaa katika nyumba za kampuni. Siku kazi ikiisha, nyumba inarudi kwa mwajiri, na sakafu uliyoitia saruji kwa fedha zako huwezi kuondoka nayo. Humo weka fedha katika vitu vinavyohamishika: kitanda kinachofunguka kwa bolti, kabati linalopita mlangoni, meza ya kukunja. Paa linalovuja na ukuta wenye unyevu usivifiche kwa pazia. Peleka habari kwa kamati ya tawi ili mwajiri aulizwe. Tena, Mkataba Nambari 110 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1958, unaohusu mashamba makubwa, unasema kwamba mfanyakazi aliyeachishwa kazi apewe muda wa kutosha wa kuhama nyumba. Tazameni kama muda huo umeandikwa katika mapatano yenu.

PILI, mbao. Mvule hauliwi upesi na mchwa, lakini siku hizi ni adimu na ghali. Msonobari ni wa bei nafuu, ila mchwa huupenda, kwa hiyo lazima utiwe dawa. Mbao za namna yoyote ziwe kavu, kwa sababu mbao mbichi hunywea na kupinda, na viungo vikalegea. Kabla ya kulipa, pindua kiti utazame chini. Ulimi wa mbao ulioingia tunduni na kutiwa gundi hushika kuliko misumari mitupu, na mguu ukivunjika fundi hubadili mguu huo peke yake.

TATU, sakafu, kwa anayejenga kwake. Saruji hupata nguvu kwa maji. Imwagiwe maji na kufunikwa kwa siku 7, jua lisiipige. Ikikaushwa haraka hupasuka na kutoa vumbi.

NNE, hewa. Kabati lisizibe dirisha. Acha nafasi ya vidole vinne kati yake na ukuta, ili hewa ipite na njia za mchwa zionekane mapema. Jiko la mkaa lisiwashwe chumbani milango ikiwa imefungwa: hewa yake ya sumu haina harufu, nayo huua watu usingizini.

Basi keti na mwenzako wa nyumbani, pimeni chumba kwa futi, mwandike vinavyohitajika kwa utaratibu: kitanda na godoro, kisha kabati, kisha viti. Mapambo yangoje. Mfanyakazi asiyedaiwa fedha za viti hasiti kusimama na wenzake siku ya kudai haki.