Usisubiri woga uishe ndipo ukapime

Wanawake wengi wanajua kuwa saratani ya mlango wa kizazi inaweza kuzuilika mabadiliko yake yakigundulika mapema. Wamesikia redioni, wamesoma mabango kliniki, na wengine wamewahimiza hata majirani zao wakapime. Wao wenyewe bado hawajaenda. Ukimuuliza mmoja wao atakuambia, "Nitaenda mwezi ujao." Mwezi huo ukifika, mtoto anaumwa, kuna msiba au nauli haipo.

Si kila anayeahirisha ni mvivu. Mara nyingi anayemrudisha nyuma ni woga na kutojiamini. "Wakinikuta nayo je?" "Nitamvuliaje nguo mtu nisiyemjua?" "Siumwi popote, si watanishangaa?" Kila anapoahirisha, moyo hutulia kidogo. Utulivu huo ndio mtego, kwa sababu akili hujifunza kuwa kuahirisha kunaleta nafuu, na mara nyingine inakuwa rahisi zaidi kuahirisha tena.

Kwa ugonjwa huu, ngoja ngoja kweli huumiza matumbo. Chanzo chake kikubwa ni maambukizi ya muda mrefu ya virusi vya HPV, vinavyoenezwa kwa kujamiiana. Kwa mwanamke mwenye kinga nzuri, kwa kawaida mabadiliko ya seli huchukua miaka 15 hadi 20 kuwa saratani. Kwa mwenye kinga dhaifu, kama anayeishi na VVU bila matibabu, huweza kuchukua miaka 5 hadi 10. Muda wote huo anaweza asisikie maumivu yoyote. Kutokwa damu baada ya tendo la ndoa au baada ya kukoma hedhi, uchafu wenye harufu mbaya na maumivu ya nyonga mara nyingi hujitokeza ugonjwa ukiwa umeshasonga mbele. Mwenye dalili hizo aende hospitali sasa, asisubiri siku ya uchunguzi.

Kipimo chenyewe si kikubwa kama woga unavyokichora. Katika njia inayotumika sana nchini, mhudumu hupaka siki maalumu kwenye mlango wa kizazi na kusubiri dakika moja hivi. Sehemu yenye mabadiliko hugeuka nyeupe. Majibu unayapata hapohapo, na pengine hata tiba siku hiyohiyo, kwa kugandisha au kuunguza sehemu hiyo. Kukutwa na mabadiliko si kukutwa na saratani. Ni kukutwa mapema, kabla haijawa.

Wengi wanasubiri wapate ujasiri kwanza ndipo waende. Kwa kawaida huwa kinyume chake: mtu huanza na hatua ndogo, na ujasiri humkuta njiani. Utafiti uliofanywa nchini Uingereza na kuchapishwa mwaka 2000 ulihusu wanawake waliotakiwa kwenda kupima saratani hii. Baadhi yao waliombwa waandike lini, wapi na vipi wangepanga miadi ya kipimo. Kati ya walioandika, asilimia 92 walikwenda. Kati ya wengine, asilimia 69. Makundi yote mawili yalikuwa na nia. Tofauti ilikuwa siku, saa na mahali.

Nawe fanya hivyo leo. Usiseme "nitapima." Sema, "Jumanne saa mbili asubuhi, nikimpeleka mtoto kliniki, nitamuuliza muuguzi wanapima siku gani." Chagua siku ambayo hutakuwa kwenye hedhi. Andika maswali yako kwenye karatasi ili usiyasahau. Mwombe dada au shoga yako akusindikize, na kama utajisikia huru zaidi ukihudumiwa na mwanamke, omba. Kina baba, kubaki na watoto asubuhi moja na kutoa nauli ni msaada mkubwa kuliko kumwambia mkeo asiogope.

Shirika la Afya Duniani linashauri uchunguzi uanze katika umri wa miaka 30, na miaka 25 kwa wanaoishi na VVU. Kama umeshavuka umri huo na hujawahi kupima, hujachelewa kuanza.

Wazazi nao wana la kufanya. Tanzania ilianza kutoa chanjo ya HPV kwa wasichana wa miaka 14 mwaka 2018, na mwaka 2024 ikaipanua kwa wenye miaka 9 hadi 14, dozi moja tu. Wapo wanaosema, "Bado mdogo, tutaona mwakani." Lakini chanjo hufanya kazi vizuri zaidi kabla msichana hajakutana na virusi, kwa hiyo udogo wake ndio sababu ya kumpeleka. Kama una shaka, ipeleke shaka hiyo kwa mhudumu wa afya wiki hii na umuulize ana kwa ana. Shaka ikibaki nyumbani haipati jibu, na binti anaendelea kukua.